Mionzi ya Shangazi

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuosha vyombo, Chiriku alikwenda chumbani kwa shangazi yake kumtungia sindano. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Chiriku alitunga uzi huku akimsimulia mambo ya shuleni, na shangazi alicheka hadi miguu ikasahau kukanyaga cherehani.

Mwaka ule shangazi aliugua saratani ya titi. Alipopona kidonda cha upasuaji, madaktari walimtaka aende hospitali kuu kila siku ya kazi kupigwa mionzi. Alirudi hoi, ngozi ya kifuani imekuwa nyeusi kama iliyounguzwa, akajilaza bila kula.

Majuma hayohayo darasani walikuwa wakijifunza habari za atomu. Mwalimu wa sayansi alieleza kwamba katikati ya kila atomu kuna kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni zilizoshikamana kwa nguvu kubwa mno. Baadhi ya viini si imara. Hubadilika vyenyewe na kutoa mionzi. Vingine vikubwa, kama vya urani, vikigongwa na nyutroni hupasuka, hurusha nyutroni nyingine, nazo hugonga viini vya jirani, navyo hupasuka, mfululizo.

Chiriku aliposikia neno “jirani” alimkumbuka shangazi. Kitanda chake na cha shangazi vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mwalimu aliuliza kama kuna mwenye swali. Chiriku, yeye wa maneno mengi, alinyamaza.

Tangu siku hiyo hakutunga tena sindano. Shangazi akimwita, alijibu akiwa mlangoni kwamba ana kazi nyingi za shule. Akimpelekea chai, aliiweka sakafuni na kuondoka mbio, kisha akanawa mikono kwa sabuni. Alimvuta kando hata mdogo wake, akamwonya asikae kitandani kwa shangazi, maana mionzi iliyomo mwilini mwake itamrukia. Mtoto akaacha kwenda. Chumba kikawa kimya. Wakati mwingine Chiriku alimwona shangazi kwa mbali akisogeza sindano karibu na jicho, uzi ukikosa tundu, mpaka akaiweka chini.

Siku moja mama alipata homa, baba yuko kazini, ikabidi Chiriku amsindikize shangazi hospitali. Ndani ya basi alikaa kiti cha nyuma. Shangazi aligeuka mara moja, akamtazama, akageukia dirisha.

Shangazi alipoingizwa kwenye chumba cha mionzi, mlango mzito ukafungwa. Mtaalamu wa mashine, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimwona Chiriku amejibanza kwenye kona ya mbali kabisa, akamwuliza anaogopa nini. Hapo machozi yakamtoka, akayasema yote: viini, jirani, mfululizo.

Yule mtaalamu hakumcheka. Alimweleza kwamba ndani ya mashine mna kobalti, na viini vya kobalti ndivyo vinavyotoa mionzi, si mwili wa mgonjwa. Mionzi hiyo hupenya, huharibu chembe za saratani, ikaishia hapo. Mfululizo wa kupasuka huhitaji viini vizito kama vya urani, tena vingi mahali pamoja. Mwilini mwa mtu hakuna kitu kama hicho.

“Taa ikizimwa, mwanga hubaki ukutani?” aliuliza.

“Haubaki.”

“Basi na mionzi haibaki kwa shangazi yako. Wapo wagonjwa wanaopewa dawa yenye mionzi, na hao tunawaambia wenyewe wakae mbali na watu kwa muda. Shangazi yako si mmoja wao. Mkumbatie.”

Shangazi alipotoka, Chiriku alimshika mkono. Aliomba msamaha kwa maneno yaliyokatikakatika.

“Nilikusikia ukimwonya mdogo wako,” shangazi alisema taratibu. “Nikafikiri labda ni kweli. Nikaogopa kuwaua.”

Waliporudi walikaa kiti kimoja. Kuanzia hapo Chiriku hakubanduka chumbani kwake, lakini saratani ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mapafu kabla ya matibabu. Mvua za kwanza zilipoanza, shangazi alifariki, akiwa ameshikwa mkono na watoto wote wawili.

Baada ya maziko, Chiriku alimwambia baba yake kwamba alimnyang'anya shangazi siku zake za mwisho. Baba hakumdanganya kwamba si kitu.

“Ulimuumiza, na yeye alikusamehe,” alisema. “Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata mimi niliogopa. Kosa ni kuficha hofu, ukamdanganya kwamba una kazi, kisha ukamfundisha mwenzako jambo ambalo wewe mwenyewe hukulielewa. Elimu uliyoishika nusu inaweza kumtenga mtu kuliko ugonjwa. Kuuliza si ujinga. Ungemwuliza mwalimu swali moja tu, shangazi yako asingekaa peke yake.”

Chiriku aliinamisha kichwa begani kwa baba yake akalia. Baba alimwacha alie mpaka akatosheka.