Mpangaji wa Fuwele

Nukta ya kijani iliwaka kabla leza haijawashwa.

Mtafiti akatoa jicho kwenye hadubini, akapangusa lenzi, akachungulia tena. Ilikuwa palepale, katikati ya fuwele aliyoijenga kwa vijitufe vidogo kuliko vumbi, tabaka juu ya tabaka, vikiwa na rangi inayong'aa ikimulikwa. Fuwele ile ilikuwa na inda: mwanga wa kijani uliozaliwa ndani yake haukupata njia ya kutoka. Ndiyo maana aliacha pengo la kitufe kimoja, mwanga upate pa kukaa. Wataalamu nao! Unaacha chumba kitupu, halafu unashangaa kupata mpangaji.

"Mdogo wangu, hebu angalia. Macho yangu yamechoka."

Mdogo wake alikuwa fundi wa maabara hiyohiyo. Mtafiti alimlea mwenyewe tangu wazazi wao walipofariki, na hakuwa na mwingine duniani ila yeye na shangazi. Fundi akainama.

"Dada," akanong'ona, "inahema."

Kweli ilihema. Kila ilipowaka, chumba kilinuka nywele zilizoungua. Rangi ya kawaida hufifia ukiimulika sana. Hii ilizidi kunenepa. Mtafiti akatoka nje kumpigia simu shangazi yao, mganga wa kupunga majini.

"Msimvunjie nyumba," shangazi akasema. "Mwenye nyumba akivunjiwa huhamia kwa jirani. Nakuja kumwomba atoke kwa hiari."

Mtafiti aliporudi ndani, fundi, ambaye subira aliijua kwa jina tu, alikuwa amekwisha kumwaga dawa ya kuyeyusha juu ya fuwele huku jicho lake likiwa kwenye hadubini, na harufu ile ikapanda hadi ikawasha koo, na kitu kikaanza kukwaruza ndani ya bomba la hadubini, kikipanda taratibu kama mtu asiye na haraka, na mtafiti akapiga kelele, "Toa jicho!" lakini fundi hakusogea.

Kisha kimya. Fuwele ilikuwa tope jeupe. Mtafiti akakimbilia swichi, akawasha taa zote, akamshika mdogo wake mabegani. Mzima. Anatabasamu.

"Limekwenda," fundi akasema. "Sasa washa taa, dada."

Mtafiti akamtazama machoni. Ndani ya kila mboni palikuwa na nukta ya kijani. Moyo ukampasuka kwa huruma na woga.

"Umeme umekatika, mdogo wangu," akamwambia.

Kinywa kilekile kikamjibu, kwa sauti isiyokuwa ya mdogo wake:

"Usimdanganye. Zinawaka zote."