Mstari wa Nondo

Asubuhi ile ya mwaka tisini na tano Buguruni ilifurika watu, na Chausiku, mpiga chapa wa duka la kompyuta la Bi Farida, alishachoshwa na makelele ya wauza machungwa. Akaingia kijana mwenye viatu vilivyogandwa na saruji, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Sista, nasikia mashine yenu inajumlisha yenyewe."

"Inajumlisha, tena haina maneno mengi kama wateja. Kaa hapo."

Jina lake Talha, fundi wa Temeke, anaomba kazi ya ghorofa yake ya kwanza, nyumba ya Bi Rukaiya. Akasoma hesabu zake, Chausiku akaandika: safu ya vifaa, safu ya idadi, safu ya bei, safu ya ufundi. Mwisho Talha akataka mstari mmoja wa "Mengineyo", laki nne.

"Mengineyo ndo nini?"

"Utakuja kujua."

Akatoka, akarudi mbio. Kasahau nondo za slabu, lile zege la sakafu ya juu. Chausiku akauongeza mstari wa nondo chini ya ile mingine, macho yakiwa kwa Talha kuliko kwenye kioo, akachapa.

Kazi ikapatikana, na simu ya dukani ikawa haipumziki, kila mara Talha.

"Mama mashine, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, au umeshiba saruji?"

Miezi miwili ikaenda hivyo, kisha simu zikakatika. Wiki nzima kimya. Chausiku akajua keshapata mwingine, akalia peke yake chooni.

Alhamisi akaifungua ile hesabu ili amwonyeshe mteja mfano, na hapo akaliona kosa. Mstari wa nondo ulikaa nje ya kikomo cha jumla, mashine haikuuhesabu. Laki tatu na themanini elfu. Talha alipatana na Bi Rukaiya bei isiyo na nondo.

Akapiga simu duka la vifaa lililo jirani na saiti ya ujenzi. Wakamwita.

"Talha, slabu unamwaga lini?"

"Kesho asubuhi."

"Nondo zimetosha?"

"Zipo. Nimeziachanisha kidogo zifike."

Chausiku akakata simu. Akisema, Talha atamchukia maisha. Akinyamaza, Bi Rukaiya na wajukuu zake watalala chini ya slabu ile, na siku ikikatika haitabisha hodi. Akajifunga mtandio, akaenda saiti.

Alimkuta juu ya mbao, akamwita ashuke.

"Usimwage. Kosa ni langu mie. Nondo sikuzijumlisha."

Akamweleza yote. Talha akakaa juu ya tofali.

"Wiki nzima nakukimbia," akasema, "nikijua mie ndo bwege niliyekosea kusoma hesabu. Nikasema sina uso wa kwenda kwa baba yako."

"Kwa baba kufanya nini?"

Akachomoa ile karatasi mfukoni, imechakaa kwa kukunjwa, akaweka kidole kwenye Mengineyo.

"Hii ilikuwa faida yangu. Mahari yako. Ipo kwa mama, nimeapa siigusi."

Chausiku akatazama nondo zilivyoachana, mguu mzima ungepenya. Alitamani kuishika ile karatasi asiiachie.

"Iguse," akasema. "Kanunue nondo."

"Na mzee?"

Mzee Shomari, baba yake Chausiku, alisharudisha posa mbili, zote za watu wenye fedha zao mkononi.

"Mzee niachie mie. Jumapili uje hivyo hivyo, mikono mitupu. Ila shati lile jeupe uvae."

Nondo zilifika alasiri. Chausiku alisimama pale kwenye jua, akizihesabu kwa kidole moja moja, mpaka ya mwisho ikafungwa waya. Kisha akarudi nyumbani Mwananyamala. Baba yake alikuwa barazani anavaa kofia aende msikitini. Akashika nguzo.

"Shikamoo, baba. Kabla hujaondoka, nina neno."