Punda Aliyekula Shahada

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Februari, baada ya sala ya alasiri. Kabla ya hapo siku ilikuwa kama siku zote hapa Langoni, mtaa wetu wa kisiwani. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nikiwalaumu wakubwa wa serikali, mjukuu wangu Lubna alikuwa amerudi shuleni na kutupa viatu mlangoni, na punda wangu alikuwa amesimama katikati ya kichochoro akizuia watu kupita.

Punda huyo nimemwita Waziri. Watu huniuliza kwa nini. Nawajibu: anakula tangu asubuhi mpaka magharibi, ukimwita kazini hasikii, na ukimgusa anapiga kelele mpaka mtaa wa pili.

Binti yangu Kulthum, shangazi yake Lubna, anasomea shahada ya uzamili, ile inayokuja juu ya shahada ya kwanza. Mimi niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo alipotaja jina la masomo yake, uendelevu wa mazingira, nilimwambia arudie polepole.

"Ni kujifunza tuishi vipi, Baba, tusiwaharibie wajukuu zetu mahali pa kuishi."

"Hayo waende wakafundishwe wakubwa," nikasema. "Marehemu mama yako alifagia kichochoro hiki kila alfajiri mpaka siku aliyougua. Nani alimfundisha?"

"Mama alifagia mpaka kwenye kona, Baba. Baada ya kona, taka zilikwenda wapi?"

 Nikaendelea kuwalaumu wakubwa.

Ili apate shahada hiyo, Kulthum alitakiwa kuchunguza mtaa wetu unatupa nini. Aligawa ndoo moja ya taka za jikoni kwa kila nyumba, na gunia moja la chupa na mifuko ya plastiki. Kila ndoo aliipaka namba. Kila Jumanne Lubna alizunguka na Waziri, akazikusanya, akazileta kwenye daka letu, yaani kile kibaraza chenye paa mbele ya mlango, ambako shangazi yake alikuwa na mizani. Taka za jikoni zikishapimwa, Waziri aliruhusiwa kuzila. Magunia ya plastiki yalirundikwa pembeni.

Mwanzoni majirani walimtesa Kulthum. Jirani yetu Bi Kadija, bibi mjane anayeishi peke yake, alileta maganda yake yameoshwa kwa sabuni na kuanikwa.

"Bi Kadija, taka hazioshwi," Kulthum akamwambia.

"Nikupe uchafu, mwanangu? Mimi nimelelewa!"

Ikabidi apite nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasioshe taka. Wakakubali. Lakini likazuka jambo jingine. Ndoo zikawa nzito wiki baada ya wiki, na ndani yake mna maembe mazima, mahamri ya asubuhi ile ile, hata ndimu ambazo hazijaguswa na kisu.

"Baba, mtaa wetu una israfu," Kulthum akaniambia kwa huzuni. "Watu wanatupa chakula kizima. Itabidi niandike hivyo."

"Andika," nikasema. "Na uandike kwamba wamejifunza kwa wakubwa."

Basi Jumanne hiyo ilikuwa ya mwisho kupima, tena ilikuwa na mgeni. Msimamizi wake wa chuo, Daktari Kerubo, alikuwa amevuka asubuhi kuja kuona kazi kwa macho yake. Hesabu zikiwa safi, Kulthum ataandika kitabu chake na kumaliza. Zikiwa chafu, atarudia mwaka mzima. Kulthum alimwambia Lubna mara nyingi mpaka mtoto akakariri.

"Usimwache Waziri peke yake."

"Sawa, Shangazi."

"Hata kidogo."

"Shangazi, mimi nina miaka kumi na miwili!"

Yaliyofuata niliyapata kwake mwenyewe baadaye. Lubna alikusanya ndoo zote, akazipanga kwenye baraza la kona ili azipakie. Hapo ndipo aliposikia vugo, zile pembe wanawake wanazopiga harusini. Kwa Bwana Fadhil, mwenye duka, kulikuwa na harusi ya binti yake, na bibi harusi alikuwa anatolewa ndani kuonyeshwa watu. Lubna akamzungushia Waziri kamba kwenye nguzo bila kuifunga, akamwambia, "Tulia hapo, narudi sasa hivi," akakimbia. Ewe msomaji, kama umewahi kumwambia mtu mwenye jina hilo atulie karibu na ndoo zilizojaa, unajua kilichotokea.

Aliporudi, ndoo zilikuwa tupu. Waziri alikuwa na machicha ya nazi mpaka kwenye kope, na ndoo namba saba, ya Bi Kadija, ilikuwa imemkaa kichwani kama kofia. Kwa haki, kosa la Waziri halikuwa kula. Kosa lake lilikuwa kula kabla ya hesabu, na wenzake wenye jina kama lake hufanya hivyo kila mwaka bila kupigwa fimbo.

Lubna akaivua ndoo kichwani mwa punda. Aliona shangazi yake akirudia mwaka. Aliona mgeni akivuka kurudi kwao kwa hasira. Akatazama huku na huku, akaona uani kwa Bwana Fadhil kumerundikwa makombo ya biriani, mifupa ya mbuzi na wali. Akajaza ndoo zote haraka haraka, akampakia Waziri, akaja nyumbani.

"Mbona umechelewa?" Kulthum akauliza.

"Kichochoro kimejaa watu wa harusi, Shangazi."

Hilo lilikuwa kweli. Uongo hupenda kujificha ndani ya kweli, kama kokwa ndani ya tende.

Kwenye daka watu walikuwa wamejaa, maana kupima taka kulikuwa kumekuwa tamasha la mtaa. Hata Bwana Fadhil aliacha wageni wake akaja kuona mgeni wa chuo. Daktari Kerubo, mama mnene mchangamfu kutoka bara, alikuwa ameketi kwenye kiti changu.

"Mzee, habari za hapa?"

"Ndani kuzuri," nikamjibu. "Nje waulize wakubwa."

Bi Kadija alikuwa amekwisha kumsogelea. "Daktari, hili goti langu likifika usiku linanipiga nyundo."

"Bibi, mimi si daktari wa magoti. Ni daktari wa mazingira."

"Basi hata goti ni mazingira. Naishi nalo."

Watu wakacheka. Kulthum akaweka ndoo ya kwanza kwenye mizani, akaifunua. Mifupa ya mbuzi. Ndoo ya pili, mifupa ya mbuzi. Ya tatu, mifupa, wali, na jani la mdalasini. Daktari Kerubo akavaa miwani.

"Kulthum, mtaa huu unakula mbuzi namna hii kila Jumanne?"

"Hapana, Daktari... sijui... wiki iliyopita ilikuwa maembe."

Ikafika namba saba. Ndani mlikuwa na paja zima la mbuzi, limetafunwa mpaka likang'aa.

"Lahaula!" Bwana Fadhil akapiga kofi. "Bi Kadija! Kila mchango ukipita wasema huna kitu, kumbe wajifungia ndani na mbuzi mzima!"

Bi Kadija akasimama, goti likasahauliwa. "Mbuzi gani, Fadhil? Nitazame!" Akafungua kinywa, akatuonyesha ufizi mtupu mbele ya mgeni. "Hili paja nimelitafuna na nini? Na kope? Mimi nilitia machicha na ndimu tatu. Ndimu zangu ziko wapi? Nti hii, nchi yetu hii, haina wenyewe, hata taka zaibiwa ndiani, njiani peupe!"

Ndimu zikajijibu zenyewe. Kutoka nyuma yetu Waziri alitoa mlio ambao sijausikia kwa punda tangu nizaliwe, akakunja midomo, akapiga chafya, na machicha yakaruka yakatua juu ya kiatu cha Daktari Kerubo. Mtaa mzima ukamtazama punda. Kisha mtaa mzima ukamtazama Lubna.

Kulthum hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Aliweka kalamu chini.

"Lubna, mwanangu, nimekukosea nini?"

Mtoto angeweza kusema ni watoto wa harusini. Walikuwako wengi na hawakuwa na wakili. Lakini akamtazama shangazi yake, machozi yakaanza kumtoka.

"Hukunikosea, Shangazi. Nilikimbilia vugo. Waziri akala zote. Nikaogopa utarudia mwaka, nikajaza makombo ya kwa Bwana Fadhil. Ni mimi."

 Nilingoja Daktari Kerubo aondoke kwa hasira. Badala yake alifuta kiatu kwa leso, akamgeukia Bi Kadija.

"Bibi, ndimu tatu nzima zilifuata nini kwenye ndoo ya taka?"

Bi Kadija akashangaa swali. "Wiki hii nilikuwa na machicha tu, kidogo. Basi ningemrudishia Kulthum ndoo yake hivyo hivyo, kama tupu? Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Au huko kwenu bara chombo hurudi vipi?"

"Kumbe na wewe?" mke wa Bwana Fadhil akasema kutoka dirishani. "Mie hutia mahamri."

"Mimi maembe," akasema mwingine. "Juma lile sikuwa nayo, nikayanunua."

"Unanunua maembe ukayatupe?" Daktari Kerubo akauliza.

"Nani katupa? Nimempelekea Kulthum!"

Kulthum akakaa chini kwenye baraza kama mtu aliyekatiwa kamba. "Mungu wangu. Nilikuwa niandike kwamba watu wetu wana israfu. Wiki zote hizi sikupima taka. Nimepima adabu!"

"Wewe hukujua desturi hii, Kulthum?" Bi Kadija akamkemea. "Mamako asingeuliza. Tangu aondoke, nyumba hii imesahau. Babako ana bakuli langu tangu mwaka juzi!"

Nikatazama juu. Buibui alikuwa akitengeneza nyumba yake pale darini, nikapendezwa naye ghafla.

Daktari Kerubo akaanza kucheka, na kwa kuwa ni mtu wa mwili mkubwa, kiti changu kikacheka naye. Alipotulia akamwita Lubna akae karibu naye.

"Wajua kwa nini sikukasirika? Kama ungenyamaza, hesabu za uongo zingeingia kitabuni. Na kama usingesema kweli yako, hawa wasingesema yao, na mtaa mzima ungeitwa mtaa wa israfu. Mizani haina macho, Lubna. Hupima chochote unachoweka juu yake, cha kweli na cha uongo. Macho ni yetu sisi. Umekosea mara mbili leo: ulipoacha kazi, na ulipolifunika kosa. Ulipolifunua, hapo ndipo ulipomsaidia shangazi yako."

"Atarudia mwaka?" Lubna akauliza.

"Atarudia kupima. Akipima vizuri mpaka baada ya Idi, hatarudia mwaka. Na haya ya leo atayaandika yote, na punda pia."

Swali likabaki, taka zitiwe ndani ya nini. Bi Kadija ndiye aliyetoa hukumu. Ndoo ni chombo, haiwezi kurudi tupu. Lakini gunia si chombo. Gunia likirudi tupu hakuna aibu. Kulthum akatafuta magunia madogo, na wiki ya kwanza tu uzito ukashuka karibu nusu. Lubna kazi yake haikubadilika, ila kamba ya Waziri alijifunga kiunoni. Siku moja vugo lilipita, akasimama akajivuta upande huu, Waziri akavuta upande ule, na Waziri akashinda. Hakuachwa peke yake tena hata kidogo. Na ndoo zote yeye ndiye aliyeziosha, kwa sabuni ya Bi Kadija.

Bakuli nalo lilirudi. Nililijaza tende. Bi Kadija alilipokea, akahesabu miaka kwa vidole, akasema tende hazitoshi.

Baada ya Idi hesabu zilikubaliwa. Kulthum akaandika kitabu chake, na nasikia kina ukurasa mzima juu ya Waziri, heshima ambayo wengi wenye jina hilo hawajaipata. Siku aliyovaa joho, Lubna alipiga makofi kuliko sisi sote.

Kisha akaja mkubwa mmoja, tai shingoni na viatu visivyojua mchanga. Akampongeza Kulthum, akasema kisiwa kinajivunia wasomi wake, akapigwa picha mbele ya yale magunia ya plastiki yaliyojaza daka langu mpaka mlango haufunguki vizuri. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Lubna akaniwahi. Alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Bwana, plastiki zote zimeshapimwa, na tumesema kweli. Sasa nani atakuja kuzichukua?"

Mkubwa akamsifu kwa swali zuri. Akatazama simu yake. Akakumbuka boti.

Magunia bado yako hapa. Waziri ameyanusa na kuyakataa. Kila jioni Lubna hukaa juu ya magunia hayo akifanya kazi za shule, na kila apitaye humuuliza lile lile alilomuuliza mkubwa, maana Bi Kadija amemwambia swali la kweli halizeeki. Nami sasa nakuuliza wewe unayesoma: nani atakuja kuzichukua?