Droni ya Fundi Paa

Baba ni fundi paa. Kila asubuhi hukagua kamba zake, hufunga mkanda wa nyundo kiunoni, kisha hunywa chai akiwa amesimama. Kaka yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Walisimama wote wawili na vikombe mkononi kama watu waliokatazwa viti, na Mama akawa anawacheka.

Miezi minane iliyopita, kaka alikanyaga bati bovu juu ya paa la karakana. Bati lile lilikuwa limepakwa rangi mpya. Ukilitazama ukiwa umesimama juu yake, lilionekana zima. Hakufika hospitali.

Tangu hapo Mama humpigia Baba simu mara mbili kwa siku, saa nne na saa saba.

"Uko wapi?"

"Niko chini," hujibu Baba.

Jumatatu moja, saa nne, Mama aliniwekea simu sikioni. Nilisikia upepo. Kisha nikasikia bati likilia chini ya kiatu. Baba alikuwa anatembea juu ya paa huku anatuambia yuko chini.

Jioni ile tulikula, sahani zikaondolewa mezani.

"Nimepata kazi ya ghala la nafaka," Baba alisema. "Paa linavuja. Wanataka nilikague, niwaambie mabati yapi yabadilishwe. Wamenipa wiki tatu, kabla mvua haijaanza."

"Paa jipya au la zamani?" Mama akauliza.

"La zamani."

"Hupandi."

"Nani apande sasa? Paa haliwezi kushuka likaja kukaguliwa."

"Basi lisikaguliwe."

"Tule nini?"

Mama alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. "Mimi nimeshazika mmoja, baba watoto. Usinifanye nizoee."

Baba alitazama ukuta. Mimi ndiye ninayemwandikia barua zake za kazi, kwa hiyo najua kila paa alilokwenda. Najua pia kwamba mara nyingi hupanda kutazama tu, siyo kutengeneza.

"Baba," nilisema, "kama ni kutazama, kuna droni. Ndege ndogo yenye kamera. Unaiongoza kwa rimoti ukiwa ardhini."

"Kile kidude cha kwenye harusi?"

"Hicho hicho."

"Kitajua bati bovu?"

"Hakitajua. Kitapiga picha. Anayejua ni wewe."

Mama aliacha kukunja kitambaa. "Kesho mnakwenda dukani," alisema. Halikuwa swali.

Muuzaji wa dukani alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alituwekea mezani droni kubwa nyeusi yenye taa za rangi.

"Hii ndiyo yenyewe, mzee wangu! Kamera yake inapita hata ya simu ya gharama."

Baba aliinyanyua, akaipima uzito kwa mkono kama anavyopima nyundo. Akaonyesha nyingine, ndogo ya kijivu, iliyokunjwa mikono. "Hii kubwa ina mwili. Ile ni panzi."

Alikuwa tayari kuingiza mkono mfukoni. Moyo wangu ulikataa. Nilitoka nje nikampigia jirani yetu, mpima ardhi. Kazini kwake hutumia droni kupiga picha za viwanja. Baba humwita Bi Vipimo. Siku aliyohamia aliupima ukuta wa uani, akatutangazia kwamba umeegemea upande wake.

"Msinunue kitu," alisema. "Nakuja."

Alifika na viatu vya kazi, matope mpaka kwenye kisigino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kupima duka?"

"Nimekuja kupima akili zenu." Akamgeukia muuzaji. "Kijana, hii kubwa ikiwa angani, nikiachia rimoti, inafanya nini?"

"Inategemea, dada."

"Inategemea nini?"

"Upepo."

"Basi siyo hiyo. Mzee, sikiliza. Unataka kupiga picha za nini?"

"Kutu. Misumari iliyolegea. Nyufa."

"Hivyo ni vitu vidogo, na unavipiga picha karibu na paa. Unahitaji droni inayosimama pale pale ulipoiacha. Hii ya kijivu husoma mahali ilipo kwa setilaiti. Ukiachia mikono, inasimama hewani inakungoja. Ikipoteza mawasiliano na rimoti, inarudi yenyewe ilikoanzia. Ile kubwa haina habari hiyo. Upepo ukiichukua, imekwenda."

"Na kamera?"

"Usidanganywe na ukubwa wa namba. Angalia hapa." Aliigusa kamera ya droni ya kijivu, ikachezacheza kwenye shingo yake. "Shingo hii huizuia kamera isitikisike. Picha iliyotikisika haikuonyeshi msumari, hata kamera iwe kubwa kama sufuria."

Muuzaji alicheka kidogo, akairudisha ile kubwa rafuni.

Bi Vipimo hakuishia hapo. Alisema betri moja ni kama fundi mwenye msumari mmoja, tuchukue tatu. Akataka propela za akiba, kwa sababu hizo ndizo huvunjika kwanza. Akachagua kadi ya kuhifadhia picha yenye kasi, na mkeka mdogo wa duara wa kurushia, ili vumbi lisiingie kwenye mota. Mkoba mgumu wa kubebea Baba aliukataa.

"Mkoba ninao," alisema.

"Mzee, mkoba wako ni wa vyuma."

"Mkoba ni mkoba."

Bi Vipimo alimtazama, akaacha. Baadaye aliniambia alijutia kuacha.

Kesho yake alinipeleka ofisi ya usafiri wa anga. "Sheria za kila nchi ni zake," aliniambia njiani. "Usisikilize za mtaani. Uliza wenyewe." Tuliuliza. Tulijaza fomu ya kuisajili droni, tukaambiwa mahali pasiporuhusiwa kuruka na kimo cha mwisho. Tukaambiwa tusiirushe juu ya watu, na tusiiache itoke machoni petu. Kibali kilitoka siku ya kumi.

Siku hizo kumi sikurusha. Nilisoma kitabu cha maelekezo, nikajifunza kuchaji betri bila kuziacha juani, na kutoitumia tena betri yoyote itakayovimba. Kibali kilipotoka, nilifanya mazoezi asubuhi katika uwanja mtupu wa mpira. Juu, chini, kushoto, kulia. Baba alikaa pembeni.

"Unaiongoza kama unabembeleza mtoto," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, Baba."

Mwisho wa wiki ya tatu ukafika. Mama alisema anakuja nasi. Hakuna aliyembishia.

Ghala lilikuwa refu, lenye uwanja wa saruji mbele. Pembeni kulikuwa na rundo la mabati mapya. Msimamizi wa ghala alikuwa mtu wa haraka. Simu yake haikunyamaza.

"Fundi, Jumatatu mzigo unaingia. Nataka jibu leo."

"Leo utalipata," Baba alisema.

Alifungua mkoba wake wa kazi, akaitoa droni kutoka katikati ya koleo na patasi. Mkeka tulikuwa tumeusahau nyumbani. Baba aliangaza macho uwanjani, palipojaa vumbi la nafaka. Akaiweka droni juu ya rundo la mabati.

"Hapa ni safi," alisema.

Niliwasha. Kwenye simu yangu, iliyofungwa kwenye rimoti, likatokea onyo la manjano: dira ina hitilafu, hamia mahali pengine.

"Baba, inasema tuhame."

"Upepo unaongezeka. Si imewaka? Rusha."

Msimamizi alitazama saa. Nilibonyeza kukubali. Hilo ni kosa langu, siyo la Baba. Onyo nililisoma mimi.

Droni ilipanda vizuri mpaka ikapita paa. Kisha nikaachia mikono, kama nilivyozoea, isimame. Haikusimama. Ilianza kuzunguka. Mduara mdogo, halafu mkubwa, halafu mkubwa zaidi, kama nzi anayetafuta kutua.

"Isimamishe," Baba alisema.

"Sijaigusa!"

Chini yake walikuwa wapakuzi wanne wenye magunia mabegani. Mmoja alisimama akaangalia juu, akacheka, akiona ni mchezo.

"Ondokeni hapo!" Mama alipiga kelele. "Ondokeni!"

Nilibonyeza kitufe cha kurudi. Ikageuka, ikaenda upande usio wake. Nilitazama nikaona chini yake sasa hakuna watu, ni paa tu. Nikavuta kijiti cha rimoti chini, nikashikilia. Droni ikashuka juu ya bati, ikajigonga, propela zikanyamaza.

Tulisimama tukitazama juu. Ilikuwa imekaa hatua nne hivi kutoka ukingoni. Tuliiona nusu tu.

Baba alifunga mkanda wake.

"Unafanya nini?" Mama aliuliza.

"Hatua nne. Nachukua narudi."

Alikuwa ameshaiegemeza ngazi ukutani. Mama alikwenda akasimama mbele ya ngazi, akaishika kwa mikono miwili nyuma yake.

"Mama watoto, pisha."

"Sipishi."

"Ni hatua nne!"

"Yeye alikwenda hatua ngapi?"

Baba aliinua macho kwenye paa. Mkono wake ulikuwa juu ya kidato cha ngazi, karibu na kichwa cha Mama. Hakuuondoa. Msimamizi alikohoa, akasema labda mmoja wa wapakuzi, mwepesi kidogo, angeweza kupanda.

"Hapandi mtu," Mama alisema. "Wa kwangu wala wa mwenzangu."

Nilikuwa nimeshampigia Bi Vipimo.

"Umeirushia wapi?" aliuliza.

"Juu ya rundo la mabati."

"Ilibebwa wapi?"

"Kwenye mkoba wa Baba."

"Humo pamoja na nini?"

Nilifungua mkoba. Chini kabisa, chini ya patasi, palikuwa na sumaku ndefu ya mpini. Kila fundi paa anayo. Huiburuta ardhini baada ya kazi, kuokota misumari iliyoanguka. Droni yetu ilikuwa imelala juu ya sumaku hiyo asubuhi nzima.

Niliiinua Baba aione. Mkono wake ukatoka kwenye ngazi.

"Droni ina dira ndani," sauti ya Bi Vipimo ilisema kwenye simu. "Sumaku huivuruga dira. Chuma kingi huivuruga. Ikishavurugika, droni inadhani inakwenda huku, kumbe inakwenda kule. Ndiyo maana inazunguka. Msimruhusu mzee apande. Nakuja na ya kazini."

Tulingoja karibu saa nzima. Mama hakuondoka kwenye ngazi. Baba alikaa chini kwenye saruji, mgongo kwa ukuta, mita mbili kutoka kwake.

Bi Vipimo alipofika, alitembea mbali na mabati, mbali na magari, mpaka kwenye ardhi tupu nyuma ya ghala. Akatandika mkeka. Akaangalia simu, akasubiri hadi maonyo yote yaondoke. Akawaomba wapakuzi wasimame upande wa pili. Ndipo akarusha. Droni yake ilipanda ikasimama kama imetundikwa.

Tuliinamia simu yake wote. Paa likaonekana lote, tena karibu, kama umelilalia. Kwanza tuliiona droni yetu, propela moja imekatika. Kisha Baba akasogeza kichwa.

"Simama hapo. Rudi nyuma kidogo. Hapo."

Kati ya ukingo na droni yetu, hatua ya pili, bati lilikuwa na rangi tofauti kidogo na mengine. Kahawia iliyofifia. Kwenye pembe yake mwanga ulikuwa unapita.

"Hilo si bati," Baba alisema polepole. "Hiyo ni kutu iliyobaki na umbo la bati."

Msimamizi aliagiza gari lenye kikapu cha kuinulia mafundi wa umeme. Baba alipanda ndani ya kikapu, mkanda umefungwa. Mama alikubali baada ya kuukagua mkanda mwenyewe. Kutoka kikapuni Baba alinyoosha mkono akaichukua droni bila kukanyaga paa. Kisha akatoa nyundo kiunoni, akaligusa lile bati kwa mpini. Hakulipiga. Aligusa tu. Mpini ukapita upande wa pili.

Alibaki ameinama pale muda mrefu, akitazama kupitia lile tundu, chini kwenye sakafu ya ghala.

Aliposhuka, alimuuliza Bi Vipimo swali moja.

"Lile la kijana wangu. Lilikuwa na rangi mpya. Lingeonekana?"

"Sijui, mzee. Rangi huficha mengi. Kwa picha ya juu peke yake, pengine lisingeonekana."

"Na kwa chini, ndani ya jengo?"

"Ndani hakupakwi rangi. Kwa ndani, labda."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Tangu siku ile hupiga picha paa juu na chini, nje na ndani.

Siku iliyofuata nilibadilisha propela. Nilipeleka droni uwanjani, mbali na chuma chochote, nikaigeuzageuza kama simu inavyoelekeza mpaka dira ikarudi sawa. Baba alinunua ule mkoba mgumu. Siku ya tatu tulilipiga picha paa lote la ghala, na Baba akahesabu mabati thelathini na moja ya kubadilisha. Mafundi waliyabadilisha wakiwa juu ya jukwaa, wamefunga kamba.

Majuzi tulikuwa tunakagua paa la shule moja. Fundi mwenzake wa zamani alipita, akamkuta Baba amekaa kwenye kiti chini, mimi nimeshika rimoti.

"Mzee!" alimwita kwa kejeli. "Wewe uliyekuwa unatembea juu kama paka! Siku hizi unaogopa?"

Baba alikuwa anatazama skrini. Alinionyesha kwa kidole nisogeze droni kushoto kidogo. Kisha akamjibu.

"Naogopa," alisema. "Vuta kiti, nikuonyeshe."