Si Shani Anayekunywa

Chupa ya dripu ilikwisha kabla Teresia hajamaliza kuifunga. Alidhani ameokota chupa tupu, akatundika nyingine na kusimama kuitazama. Maji yalishuka yakilia gludu, gludu, kama ng'ombe anayekunywa, na juu ya harufu ya klorini ikapanda harufu ya tope la lambo.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia Tunduma mwaka ule, na wanafunzi wa udaktari waliokuja kujifunza kwa vitendo ndio walioachiwa mahema nyuma ya hospitali. Mwalimu wao, Dakta Makene, alikuwa akiwachungulia mlangoni tu, kitambaa puani.

"Dakta, huyu mtoto Shani amemaliza dripu za hema zima," Teresia alimwambia. "Hakojoi, na ngozi bado imesinyaa."

"Mwongeze."

"Na wengine?"

"Mwongeze, nimesema. Akikufia utarudia mwaka."

Akamwongeza. Kwenye kitanda cha jirani alilala Anyelwisye, mjamzito kutoka Iyula, akiisubiri chupa ile ile. Alikufa jua likiwa utosini, midomo imepasuka, akimwita mama yake kwa Kinyiha.

Makoye, baba yake Shani, mfugaji kutoka bondeni Momba, alikuwa amejikunyata pembeni ya hema, mbali na bintiye.

"Dada daktari," alinong'ona, "si Shani anayekunywa. Alichota maji kwenye lambo ambalo watu walilihama. Tangu siku hiyo alimaliza mitungi yote nyumbani, na bado akadai. Niruhusu nimlete mganga."

"Getini hawapitishi mtu, baba."

"Basi tumekwisha."

Teresia alimwekea Shani kipimo kifuani. Hakusikia moyo. Alisikia maji yakimezwa, funda baada ya funda, bila kupumua, kana kwamba ndani ya kile kifua chembamba cha mtoto amepiga magoti mtu mzima aliyetembea jangwani miaka na miaka, na sasa amefika, na hataondoka mpaka akaushe kila kilicho kibichi, maji, damu na machozi. Na katikati ya mafunda sauti kavu ikasema:

"Lete."

Alirudi nyuma, akakaribia kumwangukia Gasper, mwanafunzi mwenzake, aliyeanza kuhara alfajiri na sasa amelala macho yamedidimia. Ilibaki chupa moja kwenye boksi.

Teresia akachomoa sindano mkononi mwa Shani.

Macho ya msichana yakafunguka. Hayakupepesa. "Ukinifukuza, niende wapi?"

"Nenda popote!" Teresia alipiga kelele. "Toka kwa mtoto wa watu!"

Kile kitu kikacheka taratibu, na harufu ya tope ikakatika. Shani akashusha pumzi. "Baba, kiu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. Makoye akaja mbio na kikombe, lakini hakikumfikia mdomoni akiwa hai.

Mzee alibaki amekishika. Hakulia. "Binti," aliuliza kwa sauti ya chini, "umemwambia aende wapi?"

Teresia alimtundikia Gasper ile chupa ya mwisho, akaona matone yanaanguka vizuri, moja moja. Akakaa chini, akataka kulia.

Ndipo kelele zikaanza hema la pili. Muuguzi alikuwa akiita, "Chupa! Leteni chupa!" Akafuata wa hema la tatu, kisha wa ng'ambo ya uzio.

Gasper akamshika kidole.

"Tere," alinong'ona, akitazama juu. "Mbona inalia?"