Koti la Kijivu Mlangoni kwa Mama Toshie

Ulimwona yule kijana akibisha kwa Mama Toshie, ukavuta pazia. Usikane. Ulijua anauza umeme, ukajisemea hayanihusu. Basi kaa usikilize.

Mama Toshie ni mjane wa Yokote, mji wa Japani ambao theluji hufika madirishani. Mumewe, marehemu Kinzo, alikuwa akipanda nguzo za umeme enzi za kampuni moja tu. Kabla hajafa alifunga nyuma ya nyumba tanki la maji ya kuoga. Huchemsha usiku, bei ya umeme inaposhuka. Kila jioni Kinzo alitangulia kuoga, kisha akapaza sauti: "Toshie, njoo, maji bado yanauma kwa moto!" Mpaka leo, kabla ya kuingia bafuni, mama huyu husimama kwanza mlangoni. Anasikiliza.

Kijana alivaa koti la kijivu kama lile la kazi la Kinzo.

"Mama, natoka kwenye umeme. Nionyeshe karatasi ya mita tukupunguzie bei."

Toshie alilitazama lile koti. Akamwandalia chai, akampa karatasi, akagonga muhuri wake, ambao huko ndio sahihi, pale alipoonyeshwa.

Kesho yake alimsimulia jirani yake, Sawako, anayesikiliza malalamiko ya wateja pale manispaa.

"Na figili zako za kukaushwa kwa moshi ulimpa?" Sawako akauliza.

"Nilimpa. Amekonda, maskini."

"Si ungempa na ufunguo wa nyumba kabisa!"

"Usinicheke. Kwani si mtu wa umeme?"

"Mama, yule mtu wa umeme wa zamani hayupo tena. Serikali iliigawa ile kazi. Nguzo na nyaya zina mwenyewe mmoja. Lakini kuuza umeme, anauza yeyote mwenye kibali. Huyo ni mchuuzi, na ameshaanza kukuhamisha."

"Kama ni nafuu, ubaya uko wapi?"

"Mkataba wako wa bei ya usiku ni wa zamani. Wapya hawapewi. Ukitoka, huwezi kurudi. Bei ya huyu ni ile ile mchana na usiku. Tanki la mzee utalizima mwenyewe kwa gharama, kabla baridi haijaisha."



"Nilitaka tu kuliona lile koti likinywa chai tena," Toshie akasema.

Sawako aliacha mzaha. "Sheria inakupa siku nane tangu upokee karatasi za mkataba. Waandikie hao wachuuzi kadi ya posta kwamba umeuvunja. Baki na nakala, itume kwa rejista. Na kampuni yako uipigie simu leo, wasimamishe uhamisho."

"Hawatanikatia umeme?"

"Wakate nini? Nyaya si zao!"

Wakaenda posta wakikanyaga theluji. Mkataba wa zamani ukabaki. Jioni ile tanki lilitoa maji ya moto kama siku zote. Toshie alisimama mlangoni, akasikiliza. Hakuna aliyeita.

"Bado yanauma," akajiambia, akaingia.

Waliofungua soko hili la umeme walitutangazia: chagueni, mko huru! Sijasahau. Hawakumtuma hata mtu mmoja kuja kumweleza mjane mwenye tanki. Sasa wewe umeshaelezwa. Weka chini kitabu hiki. Nenda kwa mzee wa nyumba ya pili, muulize nani alibisha hodi, na muhuri aliugonga wapi. Nenda leo. Siku nane zake zinahesabika wewe umekaa.