Bi Usafi na Kioo cha Ndani ya Kamera

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bi Usafi alianza na miwani ya bibi yake. Aliipulizia ile dawa ya buluu ya kusafishia vioo vya madirisha, akaisugua kwa pamba mpaka ikang'aa, kisha akamvisha bibi mwenyewe.

"Sasa naona mpaka mawazo ya jirani," bibi alisema, na wote wakacheka.

Jina la Bi Usafi alipewa na shangazi yake, na lilimkaa sawasawa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu aje kuishi kwa shangazi na bibi kwa ajili ya masomo, vumbi lilikuwa halipati hata pa kutua. Alifuta meza watu wakiwa bado wanakula. Alifua hata vitambaa vya kufutia vumbi. Mgeni akisimama tu kuaga, alikuta ufagio umeshafika miguuni pake. Kila mtu alimsifu, na sifa zikamwingia kichwani.

Shangazi alikuwa mpiga picha. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa studio yake, chenye pazia jeupe ukutani, taa mbili za miguu mirefu, stuli ya kukalia wateja, na kabati alimoweka kamera. Kamera yenyewe ilikuwa moja tu. Ndiyo iliyowalisha wote watatu, na shangazi aliibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Wiki hiyo shangazi alikuwa na furaha isiyo kifani. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimempa kazi ya kupiga picha za mahafali siku ya Jumamosi. Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

"Mtu anahitimu mara moja," alimwambia bibi. "Hawa wauguzi hawatarudi kuvaa joho kwa sababu picha zangu zimeharibika. Nikivuruga hii, sina pa kuuficha uso."

Jumatatu jioni alikuwa akitazama picha kwenye kompyuta. Akakunja uso. Kila picha ilikuwa na kidoa cheusi kidogo, mahali pale pale.

"Kuna uchafu umeingia ndani ya kamera," alisema. "Si kitu. Alhamisi nitampelekea Fundi Taratibu aitazame."

Shangazi akazima kompyuta, akaenda zake jikoni. Lakini Bi Usafi alibaki palepale. Uchafu? Katika nyumba hii? Tena uachwe mpaka Alhamisi? Aliona kama ametukanwa.

Kesho yake alirudi kutoka shuleni akakuta shangazi ametoka kwenda kununua karatasi za picha. Bibi alikuwa amelala. Bi Usafi alifungua kabati, akaitoa kamera, akaiweka juu ya taulo safi. Alikuwa amemwona shangazi mara nyingi akibadilisha lenzi, kwa hiyo alijua kitufe cha kubonyeza. Akazungusha, lenzi ikatoka. Ndani kikaonekana kioo kidogo cha mstatili, kinang'aa rangi rangi. Hicho ndicho kinachopokea picha, na mafundi hukiita sensa.

"Kioo ni kioo," Bi Usafi alijiambia.

Alilowesha kijiti cha pamba kwa ile dawa ya buluu, akafuta. Kioo kikaingia ukungu. Akafuta tena, ukungu ukahamia pembeni. Akachukua kijiti kingine, kikaacha nyuzi za pamba. Akajaribu kuziondoa, zikang'ang'ania. Hapo hasira zikaanza kumpanda. Yeye, aliyewahi kutoa masizi ya sufuria ya bibi yaliyoshindikana kwa miaka, ashindwe na kioo kisichozidi kipande cha biskuti! Akakaza mkono, akasugua. Pamba ilichomoka, na ncha ya kijiti ikakwaruza kioo. Alisikia mkwaruzo ule mpaka kwenye meno.

Alirudisha lenzi, akairudisha kamera kabatini, akafunga. Nitamwambia akirudi, aliwaza. Shangazi akarudi akiwa anaimba, na Bi Usafi hakuweza kuukatiza wimbo ule.

Jumatano ilianza na mwalimu mmoja mstaafu aliyetaka picha za pasipoti. Shangazi alimpiga picha, akaziangalia, akampiga tena.

"Mbona nina wingu kwenye paji la uso?" mzee aliuliza alipoonyeshwa.

"Samahani, mzee wangu, ni taa."

Haikuwa taa. Shangazi alibadilisha balbu zote mbili, wingu likabaki. Akafuta lenzi, akabadilisha lenzi, akabadilisha kadi ya kuhifadhia picha, akashusha pazia akalipandisha upya. Mzee alichoka kukaa wima, akaondoka akinung'unika kwamba ataenda kwa mpiga picha mwingine. Bi Usafi aliporudi kutoka shuleni mchana alikuta studio imepinduliwa juu chini, na shangazi ameketi sakafuni katikati ya nyaya, nywele zimemtimka.

"Wewe, njoo ukae kwenye stuli nijaribu kamera," shangazi alisema.

"Shangazi, nilitaka..."

"Kaa! Usiniongeleshe, kichwa kinaniuma."

Akakaa. Shangazi akampiga picha moja, akatazama, akasonya. Akampiga nyingine, akasonya tena. Alimgeuza kulia, akamgeuza kushoto, akamsogeza karibu na dirisha. Kila mara kamera ilipolia, Bi Usafi alihisi kama inamuuliza jambo. Kila picha ilitoka na wingu jeupe juu ya uso wake, na mstari mwembamba pembeni, juu upande wa kushoto. Alijua kabisa ni nini.

"Shangazi," alijaribu tena, kwa sauti ndogo.

"Nimeshajua!" shangazi aliruka. "Ni Fundi Taratibu! Mwezi uliopita alinibadilishia kitufe cha kuwashia. Ameifungua hovyo, ameniharibia kamera, na mimi nimekaa hapa nahangaika na balbu! Kesho atanitambua!"

Bi Usafi alishuka kwenye stuli, akaanza kukunja nyaya. Usiku alichukia kila kitu: kijiti, dawa, kamera, na zaidi ya vyote ulimi wake mwenyewe.

Duka la Fundi Taratibu lilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, taa ya kuinama, na visanduku vidogo vya skrubu. Aliitwa Taratibu kwa sababu hata salamu aliijibu baada ya kuifikiria. Alhamisi alasiri wateja wengine wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi shangazi alipoingia, Bi Usafi nyuma yake.

"Umeniua, fundi," shangazi alianza bila kukaa. "Kesho kutwa nina mahafali, na kamera umeiharibu."

Fundi aliipokea kamera, akatoa lenzi, akainamisha taa. Akatazama kwa muda mrefu. Shangazi alikuwa akigongagonga meza kwa vidole.

"Dada," fundi alisema mwishowe, "humu ameingia mtu na pamba. Nyuzi hizi hapa. Tena kuna alama za dawa iliyokaukia."

"Mtu gani? Nyumbani kwangu hakuna anayegusa kamera hii! Uliyeifungua ni wewe peke yako."

"Mimi nilibadilisha kitufe. Huku sikufika."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Wateja wa kwenye benchi walitazamana. Safari hii fundi hakuhitaji kufikiri; alikuwa ameumia. Akairudishia kamera lenzi yake, akaisukuma taratibu mpaka ukingoni mwa meza.

"Nimefanya kazi hapa miaka mingi, dada, na hawa wateja wangu wanasikia unachosema. Kama huniamini, ipeleke kwa mwingine."

Mwingine hakuwepo, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Lakini hasira zilikuwa zimempanda shangazi mpaka utosini. Aliinyakua kamera, akageukia mlango. Bi Usafi alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona fundi akipangusa meza yake iliyokuwa safi, kwa kukosa la kufanya, na akajua kwamba shangazi akivuka kizingiti kile, Jumamosi imekwisha.

"Ni mimi," alisema.

"Pisha njia."

"Shangazi, ni mimi! Niliisafisha kwa dawa ya madirisha. Na kijiti kikakwaruza. Fundi hajafanya kitu." Machozi yakamtoka. "Nilitaka kukuambia jana nikashindwa."

Shangazi alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Kisha akageuka, akarudi mpaka mezani, akaiweka kamera chini kwa mikono miwili.

"Kaka, nimekukosea, tena mbele za watu," alimwambia fundi, na wateja wa kwenye benchi wakasikia. "Naomba unisamehe. Na naomba unisaidie."

Fundi alifikiria. "Haya, kaa, dada," akasema.

Alipuliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, nyuzi zikaruka. Kisha akachukua kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kipana, akadondoshea maji ya kazi hiyo, akapitisha mara moja tu, upande mmoja, bila kukaza. Akatupa kitambaa, akachukua kipya. Bi Usafi aliangalia kwa uchungu jinsi mkono ule ulivyokuwa mwepesi.

"Wingu limetoka," fundi alisema. "Ungeniletea siku ile ile lingetoka kirahisi zaidi, dawa ikiwa haijakauka. Unajua, mwanangu, hiki kioo kimepakwa utando mwembamba sana juu yake. Dawa ya madirisha inaula. Hata miwani ya macho ya siku hizi inao, nayo huliwa vivyo hivyo. Sasa huu mkwaruzo hautoki. Mpaka kioo kibadilishwe, na chenyewe kitachukua majuma kufika."

"Na Jumamosi?" shangazi aliuliza.

Wakapiga picha ya ukuta. Ulikuwa safi, ila kule juu kushoto mstari ulionekana kama unywele.

"Mstari uko pembeni," fundi alisema. "Acha nafasi tupu upande huo, halafu uikate."

Kwenye kona ya mwisho kabla ya kufika nyumbani, shangazi alitamka, "Jumamosi unakuja na mimi. Utafanya kazi."

Na kazi aliipata. Shangazi, aliyekuwa amezoea kumjazia mtu picha nzima, kila mara alisahau. Bi Usafi alisimama ubavuni pake, na kabla ya kila picha alitakiwa kusema, "Kushoto!" Alisema kushoto tangu asubuhi. Wauguzi, wakidhani wanaambiwa wao, walisogea, huyu huku na yule kule, na kuingia kwenye mstari wenyewe. "Si ninyi, jamani!" shangazi alilia. Mkuu wa chuo aliuliza kama kuna tatizo. Jua lilipokuwa kali, majoho yaliwachemsha watu, na nyota wa siku hiyo, mhitimu aliyeongoza darasa, alikataa kabisa kurudia picha kwa mara ya tatu. Shangazi alikuwa na hasira, wauguzi walikuwa na hasira, na Bi Usafi alikuwa amepoteza sauti.

Jumapili waliketi kwenye kompyuta, wakakata picha moja moja. Kwenye nyingine mstari uliingia kwenye kofia ya mtu, ikabidi ufutwe kidogo kidogo kwa uvumilivu. Macho yaliwauma. Lakini picha zilikuwa nzuri, na chuo kilipozipokea kesho yake, mkuu alipiga simu kuuliza kama shangazi ana nafasi mwakani.

Shangazi alipokata simu, alimwita Bi Usafi.

"Nisikilize," alisema. "Kuikwaruza kamera ni kosa la mtu asiyejua, na dawa yake ni kuuliza kabla ya kugusa. Hilo nimeshakusamehe. Lakini kunyamaza siku mbili ulikuwa unajua. Mimi nilimpoteza mteja, nikamvunjia heshima fundi, na karibu nipoteze mahafali, kwa neno moja ulilokuwa nalo mdomoni. Ukikosea tena, na utakosea, njoo siku ile ile. Hata kama naimba. Hata kama nimekwambia usiniongeleshe. Hapo nami nilikosea, ningekusikiliza."

"Nimekuelewa, shangazi."

Akainuka kwenda kwa bibi, aliyekuwa amekaa dirishani na kitabu. Mezani palikuwa na chupa ya dawa ya buluu na pamba, kama kila siku. Bi Usafi alinyoosha mkono, akakumbuka maneno ya fundi, akaurudisha. Alimvua bibi miwani, akaiinua kwenye mwanga. Vioo vyote viwili vilikuwa na mabaka na mikwaruzo.

"Bibi," alisema, na hakungoja. "Miwani yako nimeiharibu. Kwa hii dawa. Kumbe inakula vioo. Unaona kweli?"

Bibi alikohoa. Akamtazama shangazi, akatazama chini.

"Tangu mwezi uliopita naona ukungu mtupu, mjukuu wangu," akakiri. "Ulikuwa unaisafisha kwa furaha. Nikaona aibu kukuambia."

"Mama!" shangazi alisema, mikono kiunoni. "Na wewe njoo ukae hapa, nikuambie nilichomwambia mwenzako."